Wakambodia wa Long Beach na Lowell: walivyosimama tena

Msaada wa mkimbizi Marekani una tarehe ya kwisha, na tarehe hiyo ilikuwa ikisogezwa karibu kila baada ya miaka michache. Sheria ya Wakimbizi ya 1980 ilipoanza kutumika, familia isiyo na kipato iliweza kupewa fedha taslimu na matibabu hadi miezi 36. Mwaka 1982 muda ukakatwa hadi miezi 18, mwaka 1988 hadi 12, na mwaka 1991 hadi 8. Wakambodia wengi walitua katikati ya makato hayo. Anayetaka kujua walijijenga vipi asikae sana kwenye taarifa za mashirika. Aangalie upatu wao, majiko yao ya donati, mahekalu yao na karatasi zao za uhamiaji, maana huko ndiko walikoponea, na baadhi yao huko huko ndiko walikoangukia. Familia zilizotoka kambi za Nyarugusu na Kakuma na kupelekwa Marekani zinabisha hodi kwenye milango ileile, kwa hiyo mambo haya hayajawa historia.

Kwanza, nani alifika? Khmer Rouge, waasi wa kikomunisti wa Kambodia, waliingia mji mkuu wa Phnom Penh tarehe 17 Aprili 1975 na wakang'olewa na jeshi la Vietnam tarehe 7 Januari 1979. Katika muda huo usiotimia miaka minne walikufa watu takriban milioni 1.7, kwa njaa, maradhi, kazi za sulubu na kuuawa. Waliowahi kutoka mwaka 1975 walikuwa wachache, wengi wao maofisa, wanajeshi na wasomi wa serikali iliyoanguka. Wimbi kubwa lilitoka baada ya 1979, likapitia kambi za Thailand kama Sa Kaeo na Khao-I-Dang. Humo walikuwemo wakulima wengi, wajane wenye watoto, na watu wasiojua kusoma hata Kikhmer, lugha yao wenyewe. Kosa la awali la wapokeaji lilikuwa kuyachukulia makundi haya mawili kama moja. Darasa la Kiingereza linaloanza na maandishi ubaoni halimfai mama ambaye hajawahi kushika penseli. Yeye huanza na mazungumzo, kwa vitu halisi vilivyo mezani, na wiki za kwanza hutumika kumfundisha namna ya kushika kalamu na kuandika jina lake.

Kosa la pili lilikuwa la ramani. Mwaka 1981 mamlaka zilijaribu kuwasambaza Wakambodia katika miji 12 ili wasirundikane California. Wengi walikaa kidogo, wakafunga virago. Walielekea Long Beach, ambako tangu mwisho wa miaka ya 1950 walikuwepo wanafunzi wa Kikambodia chuoni, na ambako tayari mwaka 1977 kilikuwa kimeanzishwa chama cha United Cambodian Community. Walielekea pia Lowell, Massachusetts, ambako viwanda vya vifaa vya elektroniki vilitaka mikono myepesi isiyohitaji Kiingereza kingi, na ambako hekalu lilifunguliwa jirani katikati ya miaka ya 1980. Mpangaji aliyeko ofisini hutafuta nyumba iliyo wazi. Familia hutafuta mtu wa kuzungumza naye, duka la mchele, na mtawa wa kuwaombea wafu. Ukiwapeleka pasipo na hivyo vitatu, umewalipia tu nauli ya kituo cha kwanza.

Kabla ya kazi kuna karatasi, na hapa panafaa tahadhari. Wakambodia wengi wana tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari, kwa sababu karani wa kambini alihitaji kujaza nafasi na mhusika alijua mwaka tu, pengine hata huo hakuujua. Wengine walipunguza umri wa watoto ili wapate miaka zaidi shuleni, au wakamwandika mpwa yatima kuwa mtoto wao ili asiachwe nyuma. Madhara huonekana baada ya miaka mingi: mzee aliyejipunguzia miaka mitano hulazimika kusubiri miaka mitano zaidi kupata malipo ya uzeeni, na anayetaka kumwita ndugu yake wa kweli hukuta kwenye faili kuwa ndugu huyo hayupo. Kurekebisha kunawezekana, lakini kufanyike mapema, kwa wakili wa uhamiaji, na kwa faili zote kwa pamoja. Ukirekebisha faili moja ukaacha nyingine, sasa una hati mbili zinazopingana na afisa atauliza ipi ni ya uongo.

Tuje kwenye fedha. Benki haikuwa na cha kumpa mtu asiye na historia ya mkopo, kwa hiyo Wakambodia walitumia upatu, ambao wao huuita tongtin. Msomaji wa Dar es Salaam atautambua mara moja, ila una jambo moja ambalo mchezo wetu wa kawaida hauna: zamu haipangwi wala haipigiwi kura, inanunuliwa.

Chukua mfano wa watu 20, kila mmoja dola 500 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza kijumbe huchukua fungu lote bila kushindana, yaani dola 9,500 kutoka kwa wenzake 19. Huo ndio ujira wake wa kubeba dhamana. Mwezi wa pili, wanaotaka fedha huandika kila mmoja kwenye kikaratasi kiasi anachokubali kukatwa. Tuseme mkubwa kuliko wote ni dola 80. Aliyeandika 80 ndiye anayepokea: wale 18 ambao hawajapokea humlipa 420 kila mmoja, na kijumbe, kwa kuwa ameshapokea, hulipa 500 kamili. Jumla ni dola 8,060. Kuanzia hapo mpokeaji atalipa 500 kamili kila mwezi kwa miezi 18 iliyobaki. Akimaliza atakuwa ametoa 9,500 kwa kupata 8,060, kwa hiyo mkopo wake umemgharimu 1,440. Mtu wa mwisho kabisa hana wa kushindana naye. Anapokea 9,500 nzima, na kwa kuwa kila mwezi alilipa kiasi kilichokatwa, ametoka na faida. Kama makato yalikuwa wastani wa dola 50, atakuwa ametoa 8,600. Hivyo mwenye haraka ya kufungua duka na bibi anayetunza akiba wote wamo kwenye mchezo mmoja, kila mmoja kwa sababu yake.

Unavunjika wapi? Mara nyingi kwa mtu aliyepokea mapema na kuhama mji. Kijumbe mwaminifu hufidia, asiye na uwezo huo naye hutoroka, na baada ya hapo watu 18 hawasalimiani hekaluni. Ndiyo maana vijumbe wazoefu hawamruhusu mtu mgeni kushindania miezi ya mwanzo, na hukataa mtu kucheza mikono miwili katika mchezo mmoja. Dalili ya hatari ni makato makubwa kupita kiasi. Wenzake wakiandika 60 na 70, halafu mmoja akaandika 180, huyo hafungui duka; ana deni mahali, na mara nyingi ni la kamari. Kuna na mitego ya sheria. Benki za Marekani hutoa taarifa serikalini kwa kila fedha taslimu inayozidi dola 10,000, na hilo halina ubaya wowote. Ubaya ni kuigawanya makusudi katika vifurushi vidogo ili kukwepa taarifa hiyo. Kitendo hicho chenyewe ni kosa la jinai hata kama fedha ni halali. Na mzee anayepokea malipo ya serikali ya watu wasiojiweza, ambayo kikomo chake cha akiba ni dola 2,000 kwa mtu mmoja, akilaza fungu la upatu kwenye akaunti yake anaweza kukatiwa malipo.

Fedha hizo zilikwenda wapi? California, nyingi ziliingia kwenye donati. Ted Ngoy, aliyefika mwaka 1975, alijifunza kazi kwenye kampuni ya Winchell's, muda mfupi baadaye akanunua duka lake mwenyewe huko La Habra, kisha akawa anafungua maduka na kuwakodisha Wakambodia wenzake waliokuwa wanashuka. Mwenyewe baadaye alipoteza karibu kila kitu kwa kamari, lakini mfumo ulibaki. Familia hufundishwa kazi na familia, hukodi duka lililo tayari, hulilipa kwa mapato, kisha hununua lake. Donati ilifaa kwa sababu zisizo za kimahaba: mteja hunyoosha kidole, hivyo Kiingereza kidogo chatosha, malipo ni taslimu, vifaa ni vichache, na nguvu kazi ni ya nyumbani. Hata boksi la rangi ya waridi lililozagaa kusini mwa California lilipendwa kwa kuwa lilikuwa rahisi kwa senti kadhaa kuliko jeupe.

Kazi yenyewe ni ya usiku. Mwokaji huingia kati ya saa sita na saa nane usiku ili kabati lijae saa kumi na moja alfajiri. Donati za hamira huanza na mfuko wa unga wa kilo 22 na ushee, maji yaliyopimwa joto ili kinyunya kitoke mashineni kikiwa karibu nyuzi 27 za Selsiasi. Kinapumzishwa, kinasukumwa, kinakatwa, kisha vipande huingia kwenye kabati la mvuke lenye nyuzi 38 hadi 40 kwa dakika 30 hadi 45. Hapo ndipo mwanafunzi huharibu. Vikitolewa mapema vinapasuka ubavuni na kubaki vizito. Vikichelewa, ukivigusa kwa kidole shimo halirudi, na ukivitia kwenye mafuta vinabonyea na kufyonza mafuta. Mafuta yawe nyuzi 185 hadi 190, karibu dakika moja kila upande, vigeuzwe mara moja tu. Yakishuka chini ya hapo donati hutoka nyeupe na nzito kwa mafuta, na wengi hulaumu unga wakati kosa ni kutia vipande vingi kwa mkupuo. Sukari ya juu hupakwa donati ingali moto. Ikipoa, sukari haishiki vizuri, inabaki nene na kumenyeka.

Gharama isiyoandikwa kwenye daftari ni watoto. Walikunja maboksi kabla ya shule, walihudumia kaunta jioni, na walisoma barua za mwenye nyumba na za idara ya kodi. Mtoto wa miaka kumi aliyetafsiri mkataba wa pango anaweza kuwa amekosea neno moja lililomgharimu baba yake duka. Hospitalini ni vibaya zaidi: binti anayetafsiri maradhi ya mama yake ama anaficha neno, ama analibeba peke yake. Hospitali, shule na ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kumhudumia mtu asiyejua Kiingereza, na huduma ya mkalimani haitozwi. Omba mkalimani siku unapoweka miadi, si siku ya kufika, na taja lugha kwa jina. Wakambodia wengi waliwahi kuletewa mkalimani wa Kivietnam au Kithai kwa sababu fomu iliandikwa "Asia". Mkongo anayeletewa mkalimani wa Kifaransa wakati yeye ni mtu wa Kiswahili na Kibembe ataelewa.

Maradhi nayo yalikuja na lugha yake. Mkambodia mwenye hofu kuu husema upepo umempanda: shingo inakaza, kichwa kinazunguka, moyo unapiga, na anaogopa mishipa ya shingo itapasuka. Daktari aliyesikia "shingo inauma" alimpa dawa ya maumivu akamruhusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliowahoji watu wazima 490 wa Long Beach miongo miwili baada ya kufika, ulikuta asilimia 62 wana maradhi ya akili yatokanayo na mateso, na asilimia 51 wana sonona kali. Watu hawa walikuwa wakienda kazini kila siku. Kliniki iliyoanzishwa Boston mwaka 1981 na Richard Mollica na wenzake ilipata njia iliyofanya kazi: daktari hakai peke yake na mgonjwa, anakaa na mfanyakazi wa Kikhmer aliyefunzwa, na maswali kuhusu njaa, kupotelewa na ndugu au kupigwa huulizwa moja moja kutoka orodha iliyotafsiriwa, mtu ajibu ndiyo au hapana. Ukimwambia "nieleze yaliyokupata", ananyamaza. Ukimuuliza kama aliwahi kukosa chakula hadi kukaribia kufa, anajibu.

Tiba ya nyumbani ya upepo huo ni kukwangua kwa sarafu. Mgongo hupakwa zeri, kisha ukingo wa sarafu hupitishwa kwa mkazo kutoka uti wa mgongo kwenda nje, kufuata mbavu, kwa mwelekeo mmoja tu bila kurudi, hadi mistari myekundu itokee. Hufifia baada ya siku chache. Mwalimu akiiona kwa mtoto huona kipigo, na sheria inamtaka atoe taarifa. Vyama vya Wakambodia vilitumia miaka mingi kuwapelekea walimu na wauguzi picha za mistari hiyo: imepangika sawasawa pande zote mbili, inafuata mbavu, ngozi haijachanika. Kwa wazazi ujumbe ulikuwa mfupi: usifanye kwa mtoto mchanga, wala kwa mtu anayetumia dawa za kuyeyusha damu, na mwambie muuguzi wa shule kabla hajauliza.

Tiba nyingine ni hekalu, na sisemi hivyo kwa heshima tupu. Waliokufa 1975 hadi 1979 wengi hawakuzikwa kwa taratibu zao. Sikukuu ya Pchum Ben, siku 15 kati ya Septemba na Oktoba, ndiyo inayowapa wafu hao chakula. Alfajiri watu huzunguka hekalu na kutupa matonge ya wali kwa ajili ya wale wasio na ndugu wa kuwakumbuka. Mtawa Maha Ghosananda alilijua hilo alipokwenda Sa Kaeo kujenga kibanda cha ibada katikati ya wakimbizi, na mwaka 1992 aliongoza matembezi ya amani kutoka mpaka wa Thailand hadi Phnom Penh pamoja na wakimbizi waliokuwa wanarudi. Lakini hekalu la ughaibuni lina hesabu zake. Watawa hawali baada ya adhuhuri, kwa hiyo lazima kuwe na zamu ya familia za kuleta chakula kila siku kabla ya saa tano. Nyumba ya kawaida ikigeuzwa hekalu, majirani hulalamika magari na vipaza sauti siku ya Mwaka Mpya wa Aprili. Huko Newtown, Connecticut, jumuiya iliomba kujenga kwenye ardhi yake ikanyimwa kibali cha mipango miji, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaupa mji ushindi. Uliza kanuni za matumizi ya ardhi, maegesho na maji taka kabla ya kununua kiwanja. Michango ikishakusanywa, ni vigumu kuwaambia wazee kwamba kiwanja hakijengeki.

Kwenye siasa Lowell ilitangulia. Rithy Uong aliingia baraza la mji mwaka 1999, Mkambodia wa kwanza kuchaguliwa diwani nchini Marekani. Hata hivyo viti vingi vilibaki mikononi mwa Wazungu, kwa kuwa kila diwani alipigiwa kura na mji mzima na kura za walio wachache zilimezwa. Mwaka 2017 wapiga kura wa Kiasia na Kilatino walifungua kesi pamoja, mwaka 2019 wakapatana na mji, na uchaguzi wa 2021 ukafanyika kwa kata. Januari 2022 Sokhary Chau akawa meya. Kilichofanya kazi kilikuwa muungano wa jamii mbili. Peke yao, wala hawa wala wale wasingetosha.

Limebaki la uraia, na hapa ndipo familia zilipoumia kuliko kwingine. Wazazi wengi walidhani grini kadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, ndiyo mwisho wa safari. Mwaka 1996 sheria iliongeza orodha ya makosa yanayomwondoa nchini mtu asiye raia, na kwa makosa mengi, wizi na kupigana vikiwemo, kifungo cha mwaka mmoja kinatosha hata kama ni kifungo cha nje. Kijana alikiri kosa ili arudi nyumbani siku hiyohiyo, bila kujua amekiri kuhamishwa. Mwaka 2002 Kambodia ikakubali kuwapokea, na wakaanza kurudishwa watu waliozaliwa kambini Thailand ambao hawakuwahi kuiona nchi hiyo.

Mengi yalizuilika. Tangu tarehe 27 Februari 2001, mzazi mmoja akipata uraia, mtoto wake mwenye grini kadi anayeishi naye naye huwa raia palepale, mradi hajafikisha miaka 18. Kabla ya hapo kwa kawaida walitakiwa wazazi wote wawili, au aliyebaki hai. Mzee wa miaka 50 mwenye miaka 20 ya grini kadi, au wa miaka 55 mwenye miaka 15, hufanya mtihani wa uraia kwa lugha yake. Asiyeweza kujifunza kwa sababu ya maradhi, ya akili yakiwemo, hujaziwa na daktari fomu ya N-648, ya kuomba asamehewe mtihani. Nyingi hukataliwa kwa sababu daktari ameandika jina la ugonjwa tu bila kueleza ni vipi unamzuia kukumbuka na kujifunza. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Padilla ya 2010, wakili wa utetezi anawajibika kumweleza mteja madhara ya kiuhamiaji kabla ya kukiri. Muulize, na ataje kifungu.

Kwa waliokwisha kuhukumiwa California, njia zilizotumika ni mbili: kuomba mahakama ifute hukumu kwa kifungu cha 1473.7 cha sheria ya jinai ya jimbo, kilichoanza 2017, kwa hoja kwamba mtu hakuelewa alichokiri. Na kuomba msamaha wa gavana, ambao Wakambodia kadhaa waliupata mwaka 2018 na 2019. Zote mbili hutaka kumbukumbu za kesi ya zamani, na mahakama nyingine huharibu kumbukumbu za yaliyosemwa kikaoni baada ya muda, kwa hiyo nakala ziombwe sasa, hata kama barua ya kuitwa uhamiaji haijafika.